Yeye Wawili

Miaka thelathini na mmoja Etelka aliendesha tramu
mjini Szeged, kutoka stesheni hadi mwisho wa reli,
na mwisho wa reli akageuza, akarudi.
Likizo zake zilikuwa na kiongozi aliyeinua mwavuli mwekundu:
tazameni kulia, chakula saa saba, msalani dakika kumi.
Mumewe Gedeon alipenda hivyo. Alipenda kuhesabiwa
kila walipopanda basi.

Gedeon alikufa Machi. Etelka akanunua ramani
na kugundua kwamba hana mdomo.

Mdomo anao, wa Kihungaria, uliowakemea watoto wa shule
wakauacha mlango wa tramu;
ila ukishavuka mpaka hauwezi hata kuomba maji.

Chumba cha uani alimpangisha Kamyar, Mwajemi,
mwanafunzi wa udaktari wa meno, mpole, mzito wa kodi.
Wakapatana: saa moja ya Kiingereza kila jioni
ni sawa na umeme na supu.
Kamyar akaleta mezani meno ya plasta,
taya la juu, taya la chini, na ulimi aliouchonga kwa sponji.
"Uchomoze hapa. Uume kidogo. Pumua."
Sauti ile ambayo sisi huianzia thelathini na themanini
hata tukiwa usingizini,
Etelka aliisaka wiki sita.
Ilimtoka siku moja akimenya viazi, peke yake;
akaachia kisu, akaisema tena, na tena,
mpaka kioo cha dirisha kikaingia ukungu.

Aliliagiza birika chai. Aliiuliza friji
basi la milimani linaondoka saa ngapi.
Friji ikanguruma. "Samahani," akasema, "rudia, polepole."
Sentensi hiyo aliipenda kuliko zote.

Kilichomshinda ni kidogo kuliko jino.
Kihungaria kina yeye mmoja, kama kwetu:
yeye amelala, yeye amefika, yeye hayupo,
wala hakuna akuulizaye ni wa suruali au wa sketi.
Kiingereza kina yeye wawili,
na sharti umchague mmoja kabla sentensi haijasimama.
"Mume wangu," alisema, "yeye..." na kumtoa wa kike.
Kamyar akamsahihisha; kisha akasimulia habari za mama yake
na kumtoa wa kiume,
maana Kiajemi nacho yeye wake ni mmoja.
Wakatazamana juu ya yale meno.
Supu ilikuwa imepoa.

Septemba, kituo cha basi, milima ya Jojia.
Hakuna mwavuli. Hakuna wa kumhesabu.
Akajihesabu mwenyewe: mmoja.
Saa nne, saa tano, basi halikuja.
Dirishani pa tiketi alikaa Nanuli, funguo shingoni.
Etelka akauweka ulimi pale alipofundishwa.
"Samahani, basi liko wapi?"
"Basi, lala. Kesho, labda. Wewe, kula?"
Kiingereza cha Nanuli kilikatwa kwa shoka,
lakini kilikoka moto.

Walikula mkate wa jibini, vidole vikang'aa mafuta.
Picha ikadondoka kutoka pochini.
"Nani?"
"Mume wangu. Yeye," na alikuwa wa kike tena, "alikufa Machi."
Uso ukamwaka. Wiki zote zile, sponji, friji!
Nanuli akaipangusa picha kwa aproni.
"Wangu pia," akasema. "Yeye," wa kike naye, "miaka tisa.
Alipenda sana kulala."

Usiku Etelka akamwandikia Kamyar kadi:
*Ulimi unakaa vizuri. Wale yeye wawili wamenishinda,
na huku hakuna aliyewaulizia.*

Basi lilikuja kesho yake, mlango umefungwa kwa kamba.
Dereva akasema jambo refu, kwa haraka.
"Rudia," akamwambia, "polepole,"
akakaa kiti cha nyuma yake,
na kwenye kona ya kwanza mguu wake wa kulia
ukatafuta breki.